Picha ya Arobaini Yako

Mwanangu mpendwa,

Barua hii ikikufikia, mzigo wako utakuwa umeshashuka stendi ya Nyegezi. Kondakta nimempa namba yako. Ndani kuna picha niliyokuchorea, na sikutaka ije yenyewe bila maneno, maana kuna mahali utaitazama ujiulize baba alikuwa wapi.

Anzia chini kushoto, ufuate njia ya udongo mwekundu inavyopanda. Mtoto utakayemwona mara nne ni wewe huyo huyo: siku ya kuzaliwa, siku ya kuogeshwa, siku ya kunyolewa nywele, na siku ya arobaini ulipotolewa nje. Mzee Edward Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wetu huu, alipoanza mwaka 1968, zaidi alichora mnyama mmoja au ndege mmoja juu ya rangi tupu, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, kazi yenyewe ameifanya miaka minne tu. Waliomfuata ndio waliojaza watu kwenye picha: soko, hospitali, ngoma, kijiji kizima. Mkono wangu nimeupata kwao, na ndio niliokuchorea.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Ulizaliwa Julai 1996, mimi nikiwa Unguja. Ulikuwa msimu wa watalii, nami nilikuwa na picha zangu Mji Mkongwe, nikisema nikiuza hizi mbili nitarudi, nikiuza hizi tatu nitarudi. Habari nililetewa na mtu aliyeshuka kwenye boti. Nilipofika nyumbani ulikuwa na siku 33. Kitovu kilishadondoka, nywele zilishanyolewa, hata kulia kwako mama yako alishakujua: hiki cha njaa, hiki cha usingizi. Mimi nilipokubeba ulinilia kama mgeni.

Kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu sikuyaona. Nimesimuliwa. Nilipoanza, nilichora kwa chaki kwanza, kama kawaida, na pale kwenye kitanda cha mzazi nikajichora nimesimama nimeshika taa. Kijana ninayemfundisha akaniambia, mzee, hapo umepatia. Nikakaa na chaki ile siku nzima bila kufungua kopo hata moja. Jioni nikaifuta kwa kitambaa kibichi. Nilipo kweli ni juu kulia, kwenye maji ya buluu, kichwa kidogo kama punje ya mtama ndani ya boti. Hapo ndipo nilipokuwa.

Kilichonisumbua zaidi ni kuogeshwa. Nilijua bibi yako alisafiri kutoka Tunduru kuja kumlea mzazi na wewe, lakini mtoto mchanga anashikwaje, maji yanapita wapi, sikujua, na huwezi kuchora mikono usiyoijua. Nikamuuliza. Bibi hakunijibu kwa maneno. Aliomba mkeka, akakaa chini na magoti yale mabovu, akanyoosha miguu yote miwili, akasema nipe mto. Akaulaza mto juu ya miguu yake, kifudifudi, kichwa kikielekea kwenye nyayo. Mkono wa kushoto ukashika kidevu ambacho hakipo, wa kulia ukachota maji ambayo hayapo. Akaumwagia mto mgongoni, akaugeuza, akaukanda mabega, akapitisha kidole gumba puani ili pua isimame. Na muda wote alikuwa anakuita jina lako. Mwanangu, miaka yote hiyo imepita, na mikono ile haikusita hata mara moja. Nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikamwomba arudie, na safari hii nikashika penseli.

Sehemu hiyo imenichukua siku tisa. Rangi ya mafuta haina haraka: ukiweka nyeupe juu ya nyekundu mbichi unapata uji. Tone la maji linaloning'inia kwenye kiwiko chako nimelisubiria mpaka ngozi ikauke kabisa, ndipo nikaligusa kwa ncha ya brashi, mara moja. Likae hivyo.

Kanga iliwagombanisha. Bibi anasema mbeleko yako ilikuwa nyekundu yenye mji mweupe. Mama yako anasema kijani, na kwamba yeye ndiye aliyeichana vipande ikawa nepi, kwa hiyo anaijua. Sikuamua. Kwenye kuogeshwa nimempa bibi nyekundu yake, na siku ya arobaini mama yako anatoka mlangoni amekubeba kwa kijani. Hapo nilikuwepo, lakini macho yangu yalikuwa usoni kwake, kanga sikuiangalia. Amekonda, wanja umemkaa, anakunja macho kwa sababu ya jua la kwanza baada ya siku 40 ndani. Uso huo sikumwuliza mtu.

Ukiifungua usiikunje. Nimeiviringisha rangi ikiwa nje isipasuke, na nimeizungushia shuka jeupe. Likishika mahali, livue taratibu. Itundike mbali na dirisha. Kama bado inanuka tina, iweke sebuleni kwanza, isikae chumba utakacholala na mtoto.

Bibi ameshafunga mfuko wake. Ndani kuna beseni dogo la plastiki, nimemwambia Mwanza yapo mengi, amenuna. Anauliza tu tarehe. Mwambie mwenzako tutakuja wawili, mimi na yeye, wiki mbili kabla ya mtoto kuzaliwa. Ndani ni kwa wanawake, najua. Nitakaa barazani, na maji ya moto nitachemsha mimi.

Baba yako