Kubadilisha beringi kwenye mchoro si kubofya mara moja

Sisi tunachora mashine kwa kompyuta, na lalamiko tunalolisikia kuliko yote ni hili: "Jamani, nimeomba mnibadilishie beringi tu, mbona bei kama mmechora mashine upya?" Mteja mmoja alitutamkia wazi kwamba tumemwibia, kwa kuwa kijana wake aliona video ya mtu akibadilisha kipuri kwa sekunde chache. Video hiyo haidanganyi. Amri hiyo ipo kwenye programu za kuchorea mashine: ipo kwenye SolidWorks, ipo na kwenye Inventor, na kuibofya hatukutozi. Tunatoza yanayofuata.

Ndani ya asembli, yaani mchoro wa mashine nzima iliyounganishwa, kila kipuri kimeshikwa na vifungo: uso huu ulale juu ya ule, tundu hili lifuate mhimili wa shafti. Programu inautambua kila uso kwa namba ya ndani uliyopewa ulipochorwa. Kipuri kipya kikiwa ni nakala ya kile cha zamani iliyorekebishwa, namba zinabaki na vifungo vinashika. Kikiwa ni faili la STEP (aina ya faili la umbo linalofunguka kwenye programu yoyote) kutoka katalogi ya muuzaji, namba ni nyingine kabisa, vifungo vinakatika, na mtu inabidi akae avirudishie kimoja kimoja.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia njia ya mkato: wanalibatiza faili jipya jina la zamani na kulibandika juu yake kwenye folda. Mteja wetu wa Vingunguti alifanya hivyo kwenye konveya ya skrubu ya mahindi (skrubu ndefu inayosukuma mahindi ndani ya mfereji), akitoa UCP 205, beringi yenye kitako cha kufungia bolti, ya shafti ya milimita 25 na kuweka UCP 206 ya 30. Kwenye skrini beringi ilionekana imetulia pale pale. Lakini matundu ya bolti ya 205 yanaachana milimita 105, ya 206 milimita 121. Bamba la msingi, lililochorwa lifuate matundu ya beringi, lilipoteza rejea likabaki na 105, na michoro ikaenda kwenye mashine ya kukata kwa leza hivyo hivyo. Fundi akaziba matundu kwa kuchomelea, akasaga, akatoboa upya. Kitovu cha shafti nacho kilipanda kutoka milimita 36.5 hadi 42.9, nafasi chini ya skrubu ikaongezeka, mahindi yakawa yanabaki kwenye mfereji.

Orodha ya vifaa iliendelea kuandika UCP 205, kwani ilikuwa inasoma jina la faili. Nafuu mtu wake wa manunuzi aliuliza kabla ya kwenda kununua kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Kibaya zaidi, faili hilohilo lilitumika kwenye mashine yake ya kupukuchua, ambayo hakuna aliyeomba iguswe, na michoro yake nayo ikaharibika. Kurekebisha yote hayo kulimgharimu kuliko bei aliyoikataa kwetu.

Mota ni hivyohivyo. Kutoka kilowati 4 kwenda 5.5, za mizunguko 1,500 kwa dakika, kitovu cha shafti kinapanda kutoka milimita 112 hadi 132 na shafti inanenepa kutoka 28 hadi 38. Puli, kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), kitako na urefu wa mkanda vyote vinabadilika.

Kwa hiyo bei yetu inafuata idadi ya vifungo na michoro inayoguswa, na tunakutajia kabla ya kuanza. Kila karatasi tunaipitia kwa jicho, kipimo kwa kipimo, kabla haijaenda kukatwa. Ukituletea kazi, tuma folda nzima, maana faili la asembli halibebi vipuri, linabeba anwani zake tu. Na utuambie mashine zako nyingine zinazotumia kipuri hicho.