Kanuni ya sare isiyopimika huzaa ugomvi getini

Ndugu Mhariri,

Kila muhula ukifunguliwa, malumbano ya nywele na sare hurudi, na lawama zote huwaangukia vijana kwamba hawana adabu. Ukaidi upo, sikatai. Lakini ugomvi mwingi wa getini chanzo chake ni kanuni iliyoandikwa ovyo. "Mavazi yawe ya heshima", "nywele ziwe nadhifu": mwalimu wa zamu wa Jumatatu huyasoma maneno hayo hivi, wa Jumanne vile, na sketi ile ile iliyopita jana leo inarudishwa.

Tuanze na hiyo sketi. "Isiwe fupi" haina mpaka. Iandikwe kwamba ukingo wa chini usipande zaidi ya sentimita 5 juu ya pia ya goti, mwanafunzi akiwa amesimama wima na sketi ikiwa kiunoni. Kumpigisha msichana magoti ili kuona kama kitambaa kinagusa sakafu ni kumdhalilisha bure, maana hata jibu lake hubadilika kwa jinsi alivyojikunja.

Tena mtoto anakua. Msichana aliyeanza kubalehe anaweza kurefuka sentimita 7 au 8 kwa mwaka, na nyonga zikipanuka huivuta sketi juu. Mwaka hauishi sketi imekuwa fupi, na hakuna aliyeigusa kwa mkasi. Dawa yake ni kumwagiza fundi aache pindo la sentimita 6, alishone kwa mkono ili lifumuliwe mtoto akirefuka. Mstari huo mmoja kwenye orodha ya sare unatosha.

Kwa nywele, rula yenyewe hudanganya. Nywele za kipilipili zikijikunja huonekana fupi kuliko zilivyo. Zivute, urefu unaongezeka maradufu au zaidi. Sasa "zisizidi sentimita 3" ni zikiwa zimelala au zikivutwa? Heri kanuni itaje kinachotakiwa: zisifunike macho, na zifungwe nyuma mwanafunzi anapoingia maabara au karakana, kwenye moto na mashine zinazozunguka. Hapo kila mwalimu ataona jambo lile lile, na mwanafunzi ataelewa sababu.

Kunyoa watoto mstarini kwa mashine moja kukomeshwe kabisa. Mapunye ni kuvu, na huhama kupitia vipande vya nywele vilivyonasa kwenye meno ya mashine. Ili iwe salama, mashine isuguliwe nywele zote zitoke, kisha meno yakae kwenye dawa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kwa kila kichwa. Nani hufanya hivyo foleni ikiwa ya watoto 40? Ngozi ikichubuka, hatari ni kubwa zaidi: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Kuhusu imani na mila, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilishaonyesha njia mwaka 2007, katika kesi ya mwanafunzi aliyevaa kipini puani. Iliitaka shule iweke kwenye kanuni zake utaratibu wa kuomba ruhusa ya pekee. Karatasi moja inatosha: kinachoombwa, sababu, nani anaamua, atajibu ndani ya siku ngapi, na rufaa inapelekwa wapi. Jibu likisubiriwa, mtoto abaki darasani.

Vivyo hivyo kwa soksi za rangi tofauti. Kosa liandikwe daftarini, mzazi ajulishwe, apewe wiki mbili. Anayemrudisha mtoto nyumbani amemnyima hesabu kwa kosa la soksi.

Na kanuni hizi zitolewe pamoja na fomu ya kujiunga. Zikisomwa mstarini wiki ya pili ya muhula, fundi ameshakata kitambaa.

Mwalimu wa nidhamu