Usilipie kwanza hiyo mashine

Kaka Hamisi,

Za Tanga? Huku Dar tupo tu, joto linatumaliza. Meseji yako nimeipata, na zile picha tatu za mashine za CNC, hizi za kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, unazotaka za kuchongea magurudumu ya saa zako, nimezikodolea macho mpaka mama watoto akauliza huyo unayemwangalia kwenye simu ni nani. Nakuandikia barua kabisa maana hili jambo haliishi kwa meseji mbili tatu, na najua ukishakuwa na hela mkono unakuwasha.

Usilipie kwanza.

Ile ndogo ya bei chee, hiyo 3018, mimi ninayo, ipo chini ya meza imefunikwa kanga. Jina lenyewe ni eneo lake la kazi, milimita 300 kwa 180, na kwenda juu na chini kama 45 hivi basi. Siku naitoa kwenye boksi nilifurahi kama mtoto wa Idi, nikachonga jina la binti yangu kwenye mbao, safi, nikaweka plastiki, safi, nikasema haya sasa twende kwenye aluminiamu. Nilikuwa nataka kitufe cha kamera ya zamani, kaduara ka milimita 18. Nikabana kipande kwenye jiliwa, kisu cha milimita 3, nikabonyeza. Kaka, ilipiga ukelele jirani akagonga ukuta. Chenga badala ya kuruka zikagandia kwenye kisu kama ugali kwenye mwiko, na dakika ya pili tu kisu ta! kimekatika. Nikaweka kingine, nikapunguza kina mpaka ikawa kama naparua rangi, kitufe kikatoka, kuja kupima na venia, kile kipimio cha milimita, huku 18.1, huku 17.7. Yai. Sisemi mashine mbaya, kwa mbao na kwa saketi bodi iko vizuri tu, ila ukisukuma ile spindo, mhimili unaozungusha kisu, kwa kidole gumba unaona kabisa inanesa, sasa kitu kinachonesa kwa kidole kitapambana vipi na chuma.

Ya pili, ile ya kununua mashine ya kuchonga ya kuzungusha kwa mkono halafu ufunge mota mwenyewe, hapo utapata chuma kizito kwa hela ndogo, kweli. Lakini jiulize, unataka kutengeneza saa au unataka kutengeneza mashine? Maana utakaa miezi unachonga vishikio vya mota, unahangaika na waya, na kipande unachokihitaji ili mashine ifanye kazi kinatakiwa kichongwe na mashine hiyohiyo. Wapo wanaoupenda huo mchezo. Wewe ninavyokujua uvumilivu wako uko kwenye saa, kwenye waya huna hata nukta.

Ya tatu ndo tuongee. Hizo Sherline zinatengenezwa California, ni ndogo, mtu unaibeba mwenyewe ukaiweka juu ya meza, na mota yake inakula umeme kuanzia volti 100 mpaka 240 bila transfoma, kwa hiyo soketi yetu inaikubali. Ila soma tangazo vizuri bana! Kuna inayoitwa tayari kwa CNC, maana yake ina mahali pa kufungia mota za stepa, zile zinazosogea hatua kwa hatua kwa amri ya kompyuta, mota zenyewe hamna, boksi la kuziendesha hamna, kompyuta hamna. Mtu anaona neno tayari analipa, boksi likifika anabaki kushika kichwa. Muulize muuzaji kimoja kimoja kwa jina, na akuandikie.

Sasa spindo yake mwisho mizunguko 2800 kwa dakika, na hapa ndo nilikaa nikafikiria magurudumu yako ya saa. Ulisema utachora gurudumu zima kwenye kompyuta halafu kisu kizunguke kila jino. Gurudumu la moduli 0.5, moduli ndo kipimo cha ukubwa wa meno, kutoka jino mpaka jino ni milimita 1.57, kwa hiyo uwazi wa katikati ni kama 0.8 tu, hapo unahitaji kisu cha nusu milimita, na kisu cha nusu milimita kwa mizunguko 2800 ni kama unachokonoa shaba kwa sindano, utavunja mpaka uchoke. Kisu chembamba kinataka mizunguko 10,000 na kuendelea. Lakini wazee wa saa hawachongi hivyo. Wanatumia kisu cha duara chenye umbo la uwazi wa meno, kinapita jino moja, gurudumu linageuzwa kidogo, kinapita tena, na hicho kinataka mwendo wa taratibu, ambao Sherline inao. Kwa hiyo kwako wewe cha kuulizia kabla ya yote ni meza ya kuzunguka yenye mota yake, na boksi la kuendesha mota nne badala ya tatu, ya nne ndo ya hiyo meza. Ukubwa wa meza ya mashine yenyewe achana nao, saa yako haijawahi kuzidi kiganja.

Halafu ukipata ya mtumba angalia inavyounganishwa na kompyuta. Za zamani nyingi zinataka ile paralel poti ya pini 25, tundu la waya la kompyuta za zamani, na programu ya Mach3 ya kuendesha mashine kwenye Windows ya biti 32, laptop yako haina hiyo kitu. Na tafuta UPS, ile betri ya kushikilia umeme, maana umeme ukikatika katikati ya kazi stepa zinasahau zilipokuwa, ukirudi zinaanza kuchonga hewa, au mbaya zaidi zinachonga jiliwa. Usiniulize nimejuaje.

Hela usimalize yote kwenye mashine. Visu, koleti za kushikia visu, jiliwa ya maana, dayo geji ya kupimia pleyi, yaani ulegevu wa mashine, hivyo vitu vinakula pole pole kama mchwa, na ushuru bado hujaugusa.

Nifanyie kitu kimoja wiki hii. Chukua lile gurudumu lililokatika meno la saa ya babu, hesabu meno na yale yaliyokatika, pima upana wake wa nje kwa venia, halafu ugawe kwa idadi ya meno ukiwa umeshaijumlisha mbili. Utapata moduli ya kukadiria. Nitumie hiyo namba, na picha ya gurudumu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi mia pembeni, ndo nikuambie tunanunua nini.

Msalimie shemeji, mwambie zile ndimu za kukausha zilifika.

Wako,
Sele