Taulo lile la pichani lina lebo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii nimeifanya miaka 31. Ndiyo maana nilipofungua ukurasa wenu wa magari wiki iliyopita, jicho langu halikutua kwenye gari. Lilitua kwenye taulo. Mmemwonyesha kijana anakausha gari jeusi linalometameta, mkononi kashika taulo la kuogea, la pamba, lenye upindo mnene pande zote nne, na konani inaning'inia lebo ya kiwanda. Mkono wake unaonekana kabisa kwamba unazunguka. Chini ya picha mwandishi wenu anatueleza kuwa gari likishapakwa kotingi ya kauri, ule utando mgumu wa kulinda rangi, kuliosha ni kulipangusa tu, kwani uchafu haushiki.

Haushiki sana, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kubanduka unapita juu ya rangi, na anayeupitisha ni huyo kijana na taulo lake.

Naandika kwa uchungu kwa sababu gari langu nami ni jeusi. Nilipolipeleka kupakwa kotingi, fundi aliniambia lisiguswe na maji siku ya kwanza, na wiki nzima lisione sabuni, maana kotingi ikishakauka kwa kuitazama bado inaendelea kukomaa. Nikatii kama niliyepewa dawa. Siku ya nane mpwa wangu akaamka mapema akanioshea, kwa mapenzi yake mema kabisa: ndoo moja, sabuni ya unga, na fulana kuukuu. Nikamshukuru. Jioni nikaingia gizani kutafuta ufunguo ulioanguka, nikamulika boneti kwa tochi, na mwanga ukajizungushia utando wa buibui. Vijistari vyembamba, mamia, vyote vimejikunja kuufuata mwanga.

Nikarudi kwa fundi nimevimba. "Si uliniambia ugumu wake ni 9H?"

"Ndiyo, mama. 9H ya penseli."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo wanavyopima: wanachukua penseli za kuchorea, kuanzia laini hadi ngumu, wanazisukuma juu ya rangi kwa pembe ya nyuzi 45, na penseli ngumu kuliko zote katika seti ni hiyo 9H. Isipoacha mkwaruzo, kotingi imefaulu. Penseli mimi naijua, nachorea mikato kila siku, na ninajua pia kwamba hakuna barabara iliyotandazwa penseli. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha kupimia mawe na vito. Ni kipimo kingine kabisa. Namba 9 ya penseli haiishindi 7 ya mawe, ingawa kwenye tangazo inapendeza.

Akanieleza na unene wake, nikaketi. Kotingi nyingi zina mikroni moja au mbili hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake ile rangi ya juu inayong'aa, ambayo mafundi huiita klia, ina mikroni 40 au 50. Unywele wangu mmoja una kama 70. Kwa hiyo nilichokuwa nakiita koti ni kitu ambacho hata sindano yangu nyembamba isingejua kwamba imekipita. Kuondoa vile vijistari ilibidi boneti ipigwe polishi, na polishi ikaondoka na kotingi, ikabidi ipakwe upya. Siku nane tu.

Basi tangu hapo gari naliosha mwenyewe, na mengi niliyojifunza yanatoka kwenye kitambaa kuliko kwenye gereji.

Maikrofaiba, Ndugu Mhariri, mnaitaja kama vile ni kitambaa kimoja. Ni uzi wa poliesta uliochanganywa na poliamidi, yaani jamii ya nailoni, mara nyingi kwa mgawo wa 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Uzi huo ni mwembamba chini ya denia moja. Kwa wasioshona: denia moja maana yake mita 9,000 za uzi zina uzito wa gramu moja. Fikiria kilomita tisa za uzi, uzito haufiki hata gramu. Nyuzi za namna hiyo zikipasuliwa na kusimamishwa kama manyoya, chembe ya mchanga huzama kati yake badala ya kukaa juu na kusaga rangi. Fulana ya pamba haina pa kuificha. Ndiyo tofauti yote, na ndiyo maana kitambaa cha maikrofaiba kilicholala, kilichokanyagwa manyoya kwa kufuliwa vibaya, hakina faida kuliko ile fulana.

Vidole vyangu vimetobolewa na sindano maisha yote, vina sugu, kwa hiyo maikrofaiba nzuri huning'ang'ania nikiishika. Wengine hawapendi ile hali. Mimi ndiyo kipimo changu dukani. Kisha nazungusha kidole kwenye upindo. Upindo mwingi umeshonwa kwa uzi mgumu wa poliesta, mishono imebanana, na ukiubonyeza juu ya rangi nyeusi ni kama unapitisha kamba. Vipo vilivyokatwa bila upindo kabisa, navyo ndivyo ninavyonunua. Na lebo! Lebo hutoka siku ileile, kwa kisu kidogo cha kufumulia, uzi mmoja mmoja. Usiikate kwa mkasi, kwani inabaki ncha fupi, na ile ncha ni mbaya kuliko lebo yenyewe.

Kufua ni hivi: peke yake, kamwe si pamoja na nguo za pamba, kwa sababu maikrofaiba inaokota nyuzinyuzi zote na hazitoki tena. Sabuni ya maji, kidogo. Kilainishi cha nguo usikitie, kinazipaka nyuzi utelezi na kitambaa kinaacha kunywa maji. Joto kali ni mwiko. Yeyote aliyewahi kuweka pasi ya moto juu ya gauni la nailoni anajua kilichotokea, na hizi nyuzi ni nyembamba mara nyingi zaidi.

Sasa kuosha kwenyewe. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa. Naiweka kiganja, ikiniunguza nasubiri. Magurudumu natangulia nayo, kwa ndoo yake, brashi yake na vitambaa vyake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma na sitaki hata moja ihamie mlangoni. Halafu nalimwagia maji gari zima kuanzia paani, bila kuligusa, kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani ni lazima. Hapo ndipo kotingi inapolipa: mchanga mwingi unateremka wenyewe. Kila chembe iliyoondoka na maji ni chembe ambayo mkono wangu hautaiburuta.

Ndoo ni mbili. Moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu, kila moja na kichujio chake chini ili mchanga ukizama usirudi juu. Glavu ya maikrofaiba inachovya kwenye shampuu, inapita kwenye gari kwa mistari iliyonyooka, inasuuzwa kwenye maji matupu, ndipo inarudi kwenye shampuu. Paa, vioo, boneti, sehemu za juu za milango, na chini kabisa mwisho, kwa kuwa huko ndiko kuchafu. Sikandamizi. Uzito wa glavu iliyolowa unatosha. Mtu anauliza, mistari iliyonyooka inazuia mikwaruzo? Haizuii. Lakini mkwaruzo ulionyooka unaonekana ukiwa upande mmoja tu, ule wa mviringo unaonekana popote utakaposimama.

Hapa niwatetee wanaoonewa. Wapo wanaosema sabuni ya vyombo huiyeyusha kotingi. Kotingi iliyokomaa haiyeyuki kwa povu la vyombo, ingekuwa dhaifu hivyo isingestahimili hata barabara. Ubaya wa sabuni hiyo ni kwamba imetengenezwa ikate mafuta, basi inakosa utelezi, na utelezi ndio unaoubeba mchanga usisage. Shampuu ya gari yenye pH karibu na 7, yaani si tindikali wala si magadi, isiyo na nta, inatosha. Nta nayo haina dhambi, ila inajilaza juu ya kotingi, na wewe unabaki unaitazama nta huku ukidhani unaitazama kotingi.

Tukaja kwenye kukausha, na ndipo picha yenu ilipokosea zaidi. Maji kwenye kotingi hujikusanya matone ya duara, na watu huyapiga picha kwa furaha. Kwangu kila tone ni kama chungu kidogo cha kuchemshia maji. Ndani yake mna kalisiamu na magnesiamu, hasa kama maji yenu ni magumu, na jua likikausha tone, madini yanabaki pale pale yakiwa pete nyeupe. Gari lisilo na kotingi maji hutandaa. Lenye kotingi hujikusanya, na doa linakuwa nene. Kwa hiyo anayesema gari la kauri liachwe likauke lenyewe anawapoteza wasomaji. Pete zikishatokea, mimi hutumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kivulini, nagusisha kwa muda mfupi tu na kusuuza mara moja. Siki ni tindikali dhaifu, inayeyusha ile chokaa. Zilizokaa muda mrefu zinachimba, na hizo mpelekee fundi.

Siku hizi sifiki huko. Suuzo la mwisho nafanya kwa mpira wa maji uliotolewa kichwa cha kunyunyizia, maji yatoke taratibu bila kurushwa. Nayaanzisha paani na kuyaacha yateremke yakiwa yameshikana. Kwenye kotingi yanaondoka kama shuka inayovutwa kitandani, na nyuma yake panabaki pamekauka karibu pote. Mwenye mashine ya kupuliza upepo aitumie kwenye vioo vya pembeni, vitasa na nembo, maana huko ndiko maji yanakojificha na kuja kuchuruzika ukishamaliza. Kisha taulo: kubwa, zito, la gramu 500 au zaidi kwa mita ya mraba, ambalo nimelilowesha kidogo na kulikamua, kwa sababu likiwa kavu kabisa hukataa tone la kwanza. Nalitandaza juu ya boneti, nashika pembe mbili, nalivuta kuelekea kwangu. Basi. Hakuna kusugua, hakuna kuzungusha. Ninavyofanya ni vilevile ninavyotandaza hariri mezani kabla ya kukata, kwani ukiipapasa inajikunja na kukukasirikia.

Taulo likianguka chini, siku hiyo kazi yake imekwisha. Usilikung'ute. Nilimwona jirani akilikung'uta mara mbili na kuendelea na mlango, nikageuza uso. Langu huenda kufuliwa, na likianguka mara ya pili linahamia magurudumuni kwa maisha yake yote. Milango naifungua, kingo za ndani nazifuta kwa kitambaa kingine, na mwisho naliendesha gari kidogo ili diski za breki zikauke.

Kuna jambo moja mwandishi wenu hakuligusa hata kidogo: wanaopangusa vumbi kavu asubuhi kwa tambara kabla ya kwenda kazini. Gari lina kotingi, linang'aa, basi wanataka ling'ae zaidi. Huko ni kujipalia makaa. Kama huna maji, liache na vumbi lake. Kinyesi cha ndege ndicho pekee kisichongoja, kwa kuwa kina tindikali na kotingi inakununulia saa chache tu: lowesha kitambaa, ukifunikie kinyesi hicho dakika chache kilainike, kisha ukiinue bila kusugua.

Na ikiwa siku moja maji yataacha kujikusanya, msikimbilie kupaka upya. Langu lilifanya hivyo mwaka jana nikajua limekwisha. Fundi akaliosha vizuri, akanyunyiza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana nazo, na milango myeupe ya jirani yangu aliyekuwa kwenye foleni mbele yangu ikawa kama imepigwa wino. Langu kwa kuwa ni jeusi sikuona rangi, niliona yanayochuruzika chini. Baada ya kusuuza, maji yakaanza tena kujikunja. Kotingi ilikuwepo muda wote, chini ya uchafu.

Ninaomba picha ile muibadilishe kwenye toleo linalofuata. Ndani ya bahasha hii nimeweka lebo moja niliyoifumua kwenye taulo la dukani, mpya, haijawahi kugusa maji. Mpeni aliyepiga picha achukue miwani ya jua ambayo haihitaji tena, aipitishe lebo hiyo juu ya kioo chake mara kumi kwa kuzungusha, halafu akimulike kwa tochi.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani