Kumbe Ilikuwa Sauti Tu

Likoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo wewe na wanao? Sisi wazima, ila joto latutoa roho.

Uliniuliza Gredi ya 7 yaendaje, nami nikanyamaza. Si kazi iliyonizuia, ni haya. Nimemtesa mtoto wa watu wiki tatu nzima nikidhani namfunza adabu.

Ni mvulana. Muhula wa kwanza alikuwa akinyoosha mkono hata sijamaliza swali. Muhula wa pili akarudi amerefuka, suruali imempanda juu ya vifundo, na mdomo ameufunga. Nikimwambia asome ufahamu, ananitazama tu. Nikasema hiki ni kiburi. Siku moja nikamsimamisha mbele ya wenzake: huketi mpaka usome! Akasoma. Sentensi ya kwanza ikatoka nzito kama ya mtu mzima, ya pili ikapasuka ikawa ya kitoto, darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Nilikwenda kwao. Mamake ndiye aliyeniambia kuwa hata nyumbani kijana siku hizi anaongea kwa kichwa. Kumbe sauti, shoga! Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, lapanuka, nyuzi za sauti zarefuka na kunenepa, naye bado hajajua kuzitawala. Si tuliyasoma haya chuoni? Tukayakariri usiku wa mtihani, tukayaacha palepale kwenye karatasi.

Nikakumbuka wewe ulipovunja ungo. Uliwekewa somo, yule mama wa kumfunda mwari, akakaa nawe chumbani akakufunza hili na lile, mpaka mimi nikakuonea wivu. Huyu kijana nani kakaa naye? Babake ni dereva wa lori, leo Mariakani kesho Malaba. Aliloambiwa ni moja tu, "sasa umekuwa mwanamume," basi.

Tangu hapo nalitazama darasa langu upya. Wana miaka 12 na 13, lakini ukiwapanga mstari utadhani ni madarasa matatu. Wasichana huanza kubalehe mapema, wengine tangu miaka 8 au 9, na kwa kurefuka huwatangulia wavulana kwa kama miaka miwili. Nina mmoja aliyekuwa akivaa sweta kutwa, Mombasa hii, mwezi wa Machi! Mara ngapi nimemwambia avue, tena kwa sauti, wote wakisikia. Alikuwa akificha kifua, maskini. Sasa nimemwacha na sweta lake.

Halafu kuna usingizi. Nilikuwa nikiwaita wavivu wanaosinzia kipindi cha kwanza. Lakini mtoto akishabalehe, melatonini, ile homoni ya usingizi, huchelewa kutoka usiku, kwa hiyo saa nne macho bado makavu. Umri huo wahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Wangu wanaamka na adhana ya alfajiri, na jioni wapo madrasa au tuisheni. Hebu piga hesabu mwenyewe. Nilimwomba naibu mwalimu mkuu tuitoe hisabati kipindi cha kwanza, akacheka. Basi asubuhi nawafanyisha kazi ya kusimama, wanapima meza na madirisha kwa rula, angalau damu itembee.

Aljebra nayo ina mambo yake. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hiyo x ni nini hasa?" Zamani ningemkaripia. Fikra za mambo yasiyoshikika ndiyo kwanza zinachipuka kwenye umri huu, wala hazichipuki kwa wote siku moja. Nikamwambia ni bei ya kiazi karai kabla hujamuuliza mama muuzaji. Akaelewa. Jirani yake hajaelewa mpaka leo.

Usidhani nimelegea, lakini. Anayeiba kalamu ya mwenzake hawezi kuniambia ni homoni.

Yule kijana amerudi. Nilimwita pembeni nikamwomba radhi, akatazama viatu vyake, akasema "sawa." Kusoma kwa sauti bado hataki, nami simlazimishi. Anakwenda kuandika majibu ubaoni, kwa hati mbaya ajabu.

Wewe uliye na Gredi ya 9, wako wameshapita hapa. Sauti hutulia baada ya muda gani? Na waliomcheka mwenzao ulifanya nao nini? Nijibu upesi, shule zinafungwa karibuni. Ukija Agosti shukia kwangu, nitakupikia samaki wa kupaka.

Shogako wa Likoni