Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa Chama, Serikali na dini mliopo,
Wazazi, walezi, wahitimu wetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuvumilia barabara yetu, ambayo tunaamini imekwishajieleza yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ilianzishwa mwaka 2007 kwa nguvu za wananchi, wakati wa vuguvugu la shule za kata, ikiwa na madarasa mawili na walimu watatu. Leo ina walimu 24 na mafanikio ya kupigiwa mfano: jengo la utawala limepakwa rangi upande wote unaotazama barabara, timu yetu ya mpira wa pete imetinga nusu fainali ya kata, na miche ya miti tuliyopanda, ukiondoa ile iliyoliwa na mbuzi, inaendelea vizuri. Mengine utayaona ukitembezwa. Tunaomba sasa usikivu wako kwa jambo moja.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, inamtaka mwalimu afundishe kwa kutumia TEHAMA. Tunaiunga mkono sera hiyo kwa dhati. Vifaa navyo, kwa haki, vimefika: tuna vishikwambi ambavyo Serikali iliwagawia walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na tuna projekta moja na kompyuta kumi, ambazo mlinzi wetu huzifunika khanga kila jioni zisiingie vumbi. Kisichofika ni mtu wa kutufundisha kufundishia. Matokeo yake, kishikwambi kinatumika zaidi kutangazia misiba katika kundi letu la WhatsApp kuliko kuandalia somo, na tunalisema hili mbele ya wazazi kwa sababu watoto wao wanalijua tayari.

Muhula uliopita, mwalimu wa Biolojia alibeba projekta hadi darasani ili aonyeshe jinsi moyo unavyosukuma damu. Kati ya dakika 40 za kipindi, 25 ziliishia kwenye ukuta wa bluu usio na picha, hadi mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye mjomba wake ana kibanda umiza cha kuonyeshea video pale sokoni, alipoinuka, akachomoa waya, akaupuliza na kuurudisha. Darasa lilishangilia. Mwalimu huyo, ambaye ana uzoefu wa miaka 19, amerudi kwenye chaki, na hatuna ubavu wa kumlaumu.

Si kwamba hatujawahi kupelekwa semina. Walimu wawili waliitwa mjini kwa siku mbili. Siku ya kwanza ikawa ya usajili na ufunguzi, ya pili ya picha ya pamoja na vyeti. Mmoja wao baadaye alipata uhamisho, akaondoka na nywila ya kompyuta sita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, mgeni rasmi wa mahafali ya mwaka juzi, akiwa ameketi hapo ulipoketi, alituahidi mkufunzi ndani ya siku 90. Akina mama walipiga vigelegele. Mwaka jana tulikumbusha kwa barua, tukajibiwa kuwa suala letu linafanyiwa kazi. Barua hiyo tumeiambatisha, pamoja na jibu lake.

Kwa hiyo leo hatuombi kompyuta nyingine, na tunamsihi yeyote aliyekuja na nia ya kuchangia kompyuta aigeuze nia hiyo. Tunaomba mkufunzi mmoja kutoka chuo cha ualimu, atakayekuja kila Jumatano kwa muhula mmoja, aketi nasi katika Jumuiya yetu ya Ujifunzaji iliyoanzishwa chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kisha aingie darasani akituona tukikosea: mwalimu wa Hisabati akijaribu GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo na grafu, ambayo ikishapakiwa haihitaji bando, na wengine wakijifunza kupakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania mapema, kabla umeme haujakatika. Gharama yake ni nauli, posho na bando la mwezi. Chakula cha mchana Bodi imekubali kukigharamia, na vipindi vya Jumatano alasiri tumekwishavihamisha tangu mwaka juzi, tulipoahidiwa. Hadi leo alasiri hiyo ipo wazi.

Katika nakala ya risala uliyokabidhiwa, chini ya ukurasa wa mwisho, tumeacha mstari wa kuandika tarehe ya Jumatano ya kwanza. Kalamu ipo mezani, mkono wako wa kulia.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Imeandaliwa na Kamati ya Taaluma na kusomwa kwa niaba ya walimu wote.