Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi: roboti tumepata, sasa tuachieni fundi wetu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi na pole na majukumu. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu barua mbili nilizopitisha kwa njia ya kawaida sijajibiwa mpaka leo na muda unakwisha, utaona mwenyewe huko mbele kwa nini.

Mimi ni mtafiti wa nano, yaani sayansi ya vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Natengeneza chembe za dhahabu za nanomita 15 hivi, yaani ukizipanga mstari mmoja zinahitajika zaidi ya 5,000 ndio zifikie upana wa unywele mmoja. Maabara yangu mwenyewe sina, na wengi wa fani hii hatuna, kwa sababu hadubini ya elektroni peke yake inataka chumba chake, sakafu isiyotikisika, lifti isipite karibu, nyaya za umeme mkubwa zikae mbali, sasa nani atajenga hivyo kila idara? Ndio maana tunatumia maabara ya pamoja, unabuki zamu yako, ukimaliza unampisha mwenzako, leo mimi na dhahabu yangu, kesho watu wa biolojia na protini zao, mashine ni zilezile.

Halafu wizara yako ikatuletea roboti. Mheshimiwa, asante sana, nasema kwa moyo wote. Kabla ya hapo nilikuwa nachanganya vichupa sita kwa siku nikijitahidi nane, sasa roboti inachanganya 96 usiku mmoja mimi nimelala, inapima rangi ya kila kichupa, programu inasoma matokeo na kuamua yenyewe usiku unaofuata ijaribu vipimo gani. Na si kwetu tu, mwaka 2020 wenzetu wa Liverpool kule Uingereza walionyesha roboti iliyotembea yenyewe ndani ya maabara ikafanya majaribio 688 kwa siku 8. Sipingi roboti hata kidogo, ukiniambia nirudi kwenye vichupa sita nitalia.

Nataka kukusimulia asubuhi moja tu.

Dhahabu inapikwa hivi: unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, unatia sitreti (kemikali itokanayo na asidi ya limau), ile njano inapotea, inakuja rangi nyeusi ya kibuluu, kisha taratibu inageuka nyekundu nzuri kabisa kama divai. Njia hii inajulikana tangu 1951. Nyekundu maana yake chembe zimekaa mbalimbali, kila moja imevaa chaji hasi ya sitreti na inamsukuma jirani yake. Ikiingia chumvi ya kawaida ule msukumo unafifia, chembe zinagandana, na rangi inakwenda zambarau mpaka buluu ya kijivu. Jicho lolote linaona, huhitaji digrii.

Basi usiku wa kwanza roboti ilianza na vichupa vyenye sitreti kidogo ikawa inapanda. Asubuhi nakuta safu mbili za mwanzo zote zambarau, zilizobaki nyekundu. Skrini imeandika kazi imekamilika, hakuna alama yoyote ya kosa. Programu ikahitimisha kwamba sitreti kidogo haifai, usiku wa pili ikapeleka vichupa vyote 96 kule kwenye sitreti nyingi. Na mimi nikaamini! Kwa sababu inaingia akilini, sitreti ikipungua chembe zinakosa kinga, kila mwanafunzi wa nano anafundishwa hivyo, nikaanza mpaka kuandika ile sehemu ya matokeo.

Fundi wetu (jina lake siliweki hapa, hajaniomba nimsemee) alipita kuangalia trei yangu tu, haikuwa hata zamu yake. Akainua vile vichupa viwili, cha mwisho cha zambarau na cha kwanza chekundu, akavishika kwenye mwanga muda mrefu kidogo. Akaniambia, "Mdogo wangu, hebu usiandike kwanza. Hii zambarau inakatika ghafla mno. Ingekuwa ni sitreti ingefifia polepole."

Akafungua daftari la zamu akaona aliyetumia roboti kabla yangu alikuwa anapitisha bafa (kimiminika cha kushikilia kiwango cha asidi kisibadilike) yenye chumvi. Akachukua tochi, akainama chini ya pampu, akaniita nikaona: pale mrija unapoungana na vali kuna duara jembamba jeupe, chumvi iliyokauka, nyembamba kama uzi. Programu ya kuosha ilikuwa imebaki kwenye ile fupi ya sekunde 30. Kwa hiyo vichupa vyangu vya mwanzo ndivyo vilivyoosha mrija, chumvi ilipokwisha rangi ikarudi. Tukapika kwa mkono vichupa sita vya sitreti kidogo, vyote vikatoka vyekundu.

Usiku mbili, vichupa 192, dhahabu ya kweli imekwenda, lakini hayo madogo. Kubwa ni kwamba mashine ilijifunza uongo na ikaanza kuukimbilia, usiku baada ya usiku ingezidi kuwa na uhakika, na mimi ningeuchapisha, na mwenzangu nchi nyingine angetumia miezi akijenga juu yake. Mtu akikosea kwa mkono anakosea vichupa sita, roboti ikikosea inakosea kwa kasi ileile inayofanyia kazi nzuri. Kosa lenyewe hakuna kihisio kilichoweza kuliona kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuweka kihisio pale, lilionwa na mtu ambaye kwa miaka mingi ameangalia rangi nyekundu mpaka anajua ipi inadanganya.

Sasa Mheshimiwa hapa ndipo penye uchungu. Roboti ina fungu lake la bajeti, ina mkataba wa matengenezo, ina bima. Fundi yuko kwenye mkataba wa mradi, mwaka mmoja mmoja, na mwaka huu tumeambiwa hautaongezwa kwa sababu "kazi sasa ni otomatiki". Fungu la vifaa haliruhusiwi kulipa mshahara, hiyo ni kanuni ya wizara yako, si ya mkuu wetu wa maabara, yeye ameshahangaika vya kutosha. Na ile ripoti tunayojaza kila robo mwaka inauliza sampuli ngapi kwa siku, basi. Zile 192 zangu zimehesabiwa mle kama kazi iliyofanyika. Asubuhi ya fundi na tochi yake haina pa kuandikwa.

Angalia wenye uzoefu wanavyofanya. Marekani wana vituo vitano vya nano chini ya Wizara yao ya Nishati, mtafiti anaandika pendekezo, likikubaliwa anapewa muda wa mashine bila malipo ilimradi atachapisha matokeo. Lakini hapewi mashine akaachwa nayo, vituo vile vina wanasayansi na mafundi wao wenyewe, kazi yao ni kuzijua zile mashine na kukaa na wageni. Unaweza kununua hadubini ileile ya kwao, lakini yule mtu aliyekaa nayo miaka kumi humnunui kwa zabuni.

Na hata huko kwao wameona. Mwaka 2023 maabara ya roboti ya Berkeley ilitangaza kwamba ndani ya siku 17 imetengeneza kemikali mpya 41 kati ya 58 ilizolenga, dunia nzima ikashangilia. Wanakemia wengine wakakaa wakazisoma upya zile data za eksirei moja moja, wakasema nyingi ya hizo si mpya, usomaji wa otomatiki ulizitambua vibaya. Kuchanganya na kuchoma roboti iliweza, ubishi wote ulikuwa kwenye kusoma kilichotoka.

Ninachoomba ni kwamba kanuni ya fungu la vifaa ibadilishwe ili mashine ya pamoja ikinunuliwa inunuliwe pamoja na nafasi ya kudumu ya mtu wa kuitunza, mshahara wake uwe sehemu ya bei kama ilivyo bima. Nikiruhusiwa kuongeza, ripoti ya robo mwaka iulize pia majaribio yaliyoharibika na sababu zake, maana sasa hivi kila kundi linaficha yake na wote tunarudia kosa lilelile kwenye mrija uleule. Lakini kama lazima uchague moja, chagua la kwanza.

Kuna jambo jingine dogo sikutaka kuliacha. Tangu siku ile fundi ametengeneza utaratibu mpya wa kuosha, dakika 12 kati ya zamu na zamu, kisha kichupa kimoja cha maji matupu na dhahabu iliyo tayari, kikibaki chekundu unaanza, kikibadilika huanzi. Ameuandika kwa mkono kwenye karatasi na kuubandika ubavuni mwa roboti. Watumiaji wapya wanamuuliza kwa nini dakika 12 na si 10, naye anawaeleza mmoja mmoja bila kuchoka, na ile karatasi haielezi.

Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi wa tisa. Kalenda ya roboti imeshajaa mpaka Desemba.

Wako katika utafiti,
Mtumiaji wa maabara ya pamoja